Barazani kwa Hajira

Mara ya saba Bibiana alipotolewa nyumbani kwake, hakuuliza tena kwa nini. Alijifunga kanga ya pili kiunoni, akachukua miwani yake na ufunguo wa kabati, akavuka uchochoro mpaka kwa jirani yake Hajira. Aliketi barazani kwenye kigoda kilekile, akanyoosha miguu iliyovimba, akasubiri wageni wamalize kutembea ndani ya vyumba vyake.

Hivyo ndivyo Mahmoud alivyotaka. Mahmoud dalali, kijana wa shati lililopigwa pasi na simu mbili mkononi, alikuwa na utaratibu wake, na hakuna mwenye nyumba mtaani Mlabani, Ifakara, aliyewahi kuuvunja.

"Mama, mteja akimwona mwenye nyumba, bei inashuka," alimwambia siku ya kwanza. "Ataona umechoka. Ataona una shida. Wewe kaa pembeni, mengine niachie mimi."

Basi alikaa pembeni. Hajira, mwenye ungo wa mchele mapajani, hakuinua hata macho.

"Leo wangapi?"

"Mmoja. Mwanamke. Nimeona baibui tu na mkoba."

"Kashaingia chumbani kwako?"

"Nadhani ndimo alimo sasa hivi."

"Mimi ningekiacha kitanda bila kutandika, waone haya wenyewe." Hajira alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Mama Kassian, mtu anauzaje nyumba kama anaiba?"

Bibiana alijipepea kwa ncha ya kanga. Alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa siku hiyo. Nyumba ile aliijenga marehemu mumewe, Antoni, kwa matofali ya kuchoma, enzi alipokuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Vyumba vinne mbele, viwili uani. Ilikuwa nyumba nzuri miezi tisa ya mwaka. Masika yakija kwa nguvu, maji yalipanda kutoka bondeni bila kelele yoyote, yakaingia kwa mlango wa uani kama mtu wa nyumbani, nao wakaanza kunyanyua magunia na magodoro kuyapandisha mezani. Alipokuwa na miaka thelathini, ile ilikuwa kazi. Sasa ana sitini na miwili, hana Antoni, mwanawe Kassian yuko Mbeya na humsaidia kwa ushauri wa simu, na ile imekuwa adhabu.

Dada yake Angelina aliishi Sanje, chini ya milima, ambako maji hupita yakaenda zake. Jirani wa Angelina alikuwa akiuza kinyumba cha vyumba viwili, kimeinuliwa vizuri, na migomba mlangoni. Mwenyewe alikubali kumsubiri Bibiana hadi mwisho wa mwezi. Hakutaka pesa kwanza. Alitaka kuuona kwa macho mkataba wa mauzo ya nyumba ya Ifakara, umesainiwa. Usipofika, angempa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alishakuja mara mbili kuangalia paa. Leo ilikuwa tarehe kumi na tisa.

Mahmoud alitokea, uso umechangamka.

"Mama, huyu kapenda! Kapenda kweli, si wa kupiga picha. Atachukua mkopo benki."

"Kwa ile milioni thelathini yangu?"

"Bei niachie mimi. Ila benki watatuma mtu."

"Mtu gani?"

"Aah, mtu wa makaratasi tu. Atapima pima, ataandika andika, ataondoka." Simu moja ikalia. Akaipokea huku akirudi nyuma, na maelezo yakaishia hapo.

Watu wa makaratasi Bibiana alikuwa ameshawaona wengi mwezi huo. Alikuja mpima ardhi akatafuta mawe ya mipaka, akalikuta moja limemezwa na mzizi wa mpera. Alikuja mjumbe wa mtaa kuuliza kama watoto wameridhia. Alikuja kijana mwingine na kamera, akasema ni wa Mahmoud. Mwingine akasema ni dalali pia, na kwamba Mahmoud ni tapeli. Jioni Mahmoud akaja kusema tapeli ni yule. Kila mmoja alikunywa maji, akasema "tutawasiliana, mama," akaenda. Kwa Bibiana wote walikuwa kundi moja: watu wanaoingia.

*

Alhamisi asubuhi ikasimama pikipiki langoni. Akashuka mwanamume mnene mwenye buti, faili la kijani kwapani na tepu ya kupimia mfukoni.

"Shikamoo, mama. Naitwa Lukelo. Nimekuja kuangalia nyumba."

"Marahaba, mwanangu," Bibiana alijibu, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye faili.

Ni faili lililomponza. Miaka kadhaa nyuma, walipopita watu wenye mafaili kuhesabu majengo kwa ajili ya kodi, mtaa mzima ulisinyaa kwa siku moja. Aliyekuwa na vigae alitandika majamvi juu yake. Sebule zikageuka stoo. Hajira alimlaza kitandani mama mkwe wake, mzima wa afya, akamfunika blanketi mpaka kidevuni. Antoni aliingiza kuku sita katika vyumba vya uani, akasimama mlangoni na kusema bila kupepesa: "Hili ni banda." Tangu hapo ikawa desturi. Mtu akija na faili, nyumba huwa kibanda.

Mahmoud alikuwa amesema benki. Lakini Mahmoud alikuwa amesema mengi, na ule ulimi wa zamani ukatangulia.

"Karibu kwenye kibanda chetu," alisema. "Angalia lisikuangukie."

Lukelo alitazama juu. "Lisiniangukie nini, mama?"

"Paa hilo. Bati zimeoza. Zinavuja kama chujio."

"Na hivi vyumba vya uani?"

"Mabanda ya kuku."

"Wanalala wapi wakati huu? Sioni kuku."

"Tumeshawala."

Mgeni aliandika. Alipima sebule, akapima chumba kwa chumba, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Bibiana alimfuata nyuma akiishusha nyumba yake hatua kwa hatua: dirisha hili halifungi, mlango ule umeliwa na mchwa, choo kimejaa tangu mwaka juzi. Baadhi ya maneno yalikuwa uongo mtupu, na aliona haya kidogo kuyasema mbele ya picha ya Antoni ukutani. Kisha, ili amalize kazi vizuri, alilishika kabati la vyombo akalivuta.

"Na hapa je? Tazama."

Nyuma ya kabati, juu kidogo ya goti, ulipita mstari wa rangi ya chai ukutani, umenyooka kana kwamba umechorwa kwa rula. Chini yake chokaa ilikuwa imepukutika yote.

"Maji?" Lukelo alichutama.

"Maji. Mwaka jana. Yalikaa siku nne."

Mstari ule alikuwa hajawahi kumwonyesha mtu. Mahmoud mwenyewe ndiye aliyelisogeza kabati pale. Lukelo aliupima kwa tepu, akaupiga picha mbili, akaandika kwa muda mrefu kuliko alivyoandika mahali pengine pote.

"Ahsante sana, mama," alisema langoni. "Wenye nyumba wengi hawanionyeshi hivi."

Hajira alivuka uchochoro pikipiki ilipokwisha kupotea.

"Umemwambiaje yule?"

"Yule wa kodi? Nimemwambia kibanda. Nimemwonyesha hadi mstari wa maji."

Hajira alijipiga paja. "Ole wako, Mama Kassian! Wa kodi wapi? Yule mthamini! Ndiye aliyekuja kwa shemeji yangu kule Kiberege alipochukua mkopo. Yeye ndiye anayewaambia benki nyumba ina thamani gani. Akisema kibanda, benki wanatoa pesa ya kibanda!"

Bibiana alikaa kwenye ngazi. Alihesabu siku kwa vidole, kutoka siku ile hadi mwisho wa mwezi, akarudia kuhesabu, zikabaki zilezile.

*

Mahmoud alipoambiwa kwa simu alipiga kelele mpaka Hajira akasikia kutoka jikoni kwake.

"Umeniua, mama! Umeniua! Miezi mitatu nahangaika, wewe unasema kuku!"

"Nimekuua wewe? Nyumba si yangu?"

Akakata.

Bibiana alikaa na simu mkononi. Alitamani kulala, na kuamka ikiwa imeshakuwa mwezi ujao, liwalo na liwe. Badala yake alivaa viatu. Mji wenyewe si mkubwa. Mtu mgeni mwenye buti na faili la kijani haulizwi mara mbili. Dereva wa bajaji alimpeleka mpaka kwa mama ntilie wa karibu na stendi, na pale alimkuta Lukelo ana sahani ya wali na perege wa kukaanga, mikono yote miwili imeshughulika.

"Mwanangu, nilikudanganya," Bibiana alisema kabla hajakaa.

"Najua, mama. Keti."

"Unajua?"

"Banda la kuku lenye swichi ya taa na soketi mbili?" Lukelo alicheka, akamsogezea benchi. "Bati zako nimezitazama, ni nzima. Choo nimekifunua. Sisikilizi mdomo wa mwenye nyumba, mama. Kuna wanaoishusha na wanaoipandisha, wote nawaacha waseme. Naandika ukuta unavyosema."

Bibiana alishusha pumzi. "Sasa umeandika kiasi gani?"

"Hilo siwezi kukuambia. Nimetumwa na benki. Taarifa ni ya benki na mkopaji wao."

"Si wangu wewe."

"Si wako. Na si wa mnunuzi pia, ingawa ndiye anayenilipia."

"Na yule wa mawe ya mipaka?"

"Mpima ardhi. Anajua kiwanja chako kinaishia wapi. Mimi najua kilichojengwa juu yake kinastahili bei gani. Mkifika kwa wakili, huyo anajua karatasi. Dalali anajua watu."

"Basi dalali ndiye wangu."

Lukelo alitoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani kwa uangalifu.

"Muulize analipwa na nani, na kwa bei gani. Mimi nakuuliza moja tu, maana hili ndilo lililobaki kwenye taarifa. Mstari wa nyuma ya kabati, nao ulikuwa uongo?"

Angeweza kusema ndiyo. Angesema fundi alimwaga rangi, angesema bomba lilipasuka, na pengine yule mtu angerudi na tepu yake kuangalia upya. Neno lilikuwa karibu kabisa. Lakini alikumbuka zile siku nne, yeye juu ya meza, na viatu vya Antoni vikielea kutoka chumbani kwenda sebuleni, na hakuona jinsi ya kuyakana maji yale.

"Hapana," alisema. "Huo ni wa kweli."

*

Tarehe ishirini na sita, saa nne asubuhi, hodi ikapigwa. Mahmoud hakuwa amepokea simu tangu siku ile. Mlangoni alisimama mwanamke wa miaka arobaini hivi, baibui jeusi, mkoba mkubwa.

"Mama mwenye nyumba yupo? Nimeambiwa ni mgonjwa, hapendi kusumbuliwa, lakini nina neno naye."

"Mwenye nyumba ni mimi. Nani kakuambia ni mgonjwa?"

Mgeni alimtazama kuanzia kanga mpaka miguuni. "Dalali. Shikamoo, mama. Mimi Rabia, nauza vitenge pale sokoni. Ndiye ninayetaka kuinunua."

Bibiana akamkaribisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumkaribisha mtu ambaye alishaingia chumbani kwake.

Rabia hakugusa chai. "Benki wamekataa," alisema. "Si mkopo wameukataa, bei ndiyo wameikataa. Mthamini kaandika ishirini na tisa. Mimi niliomba ya arobaini na mbili. Sasa nimekuja kukuuliza, mama, kwa heshima zote: hii arobaini na mbili uliitoa wapi?"

Bibiana aliliweka birika chini.

"Arobaini na mbili gani?"

"Bei yako."

"Bei yangu ni thelathini. Nilimwambia Mahmoud thelathini, jirani yangu Hajira alikuwepo, ungo mapajani."

Wakatazamana. Uani kuku wa Hajira, ambaye hakuwa na banda popote, alikuwa akiparua chini ya mpera.

"Kumi na mbili cha juu, cha kutia mfukoni mwake," Rabia alisema polepole. "Ndiyo maana hakutaka tuonane. Siku ile nilipokuja, kasema unaumwa, umelala kwa ndugu."

"Nilikuwa barazani pale, ng'ambo. Nilikuona mkoba."

Rabia alianza kucheka, kicheko kikamfia njiani. Akasimama, akaenda kwenye kabati bila kuomba ruhusa, akachungulia nyuma yake.

"Na huu ndio mstari. Kwenye taarifa ya mthamini upo na picha. Dalali aliniapia kwamba nyumba hii haijawahi kuonja maji. Unajua vyumba vya uani nilitaka vya nini? Stoo. Majora yangu ya vitenge ningeyapanga chini, sakafuni." Akageuka. "Mthamini kasema mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyevuta kabati. Kwa nini, mama?"

"Nilidhani ni mtu wa kodi."

Safari hii Rabia alicheka kweli, mpaka akakaa. Bibiana hakucheka, ila kitu kilimlegea mabegani. Alipokwisha kufuta macho, Rabia akawa mfanyabiashara tena.

"Basi tuongee mimi na wewe. Nitalazimika kuinua sakafu kule uani, nizibe mlango ule. Nipe kwa ishirini na saba."

Miguu ilikuwa inamuuma. Zilibaki siku nne. Ishirini na saba ingetosha kinyumba cha Sanje, na kidogo kingebaki cha kuhamia, na angeweza kusema ndiyo sasa hivi kisha akalale. Karibu aseme. Halafu akamkumbuka yule mtu mnene amechutama ukutani, akiandika.

"Ishirini na tisa," alisema.

"Mama, na maji?"

"Maji ameshayakata mthamini. Mimi nilitaka thelathini, yeye kaona mstari, kaandika ishirini na tisa. Sasa wewe unataka kuyakata mara ya pili. Maji ni yaleyale, mwanangu."

Rabia aliuchezea mkanda wa mkoba wake kitambo.

"Haya," alisema. "Ishirini na tisa."

Hapo ndipo pikipiki ilipoingia mpaka karibu na ngazi, Mahmoud akiruka kabla haijasimama sawasawa. Alikuwa ameambiwa na mtu. Mjini watu hawakosi. Shati lake siku hiyo halikuwa na pasi.

"Jamani, jamani, hivi sivyo! Biashara haifanywi hivi! Dada Rabia, wewe ni mteja wangu mimi! Mama, mlango huu nimeufungua mimi!"

"Umeufungua," Bibiana alikubali. "Mara saba."

"Ndiyo! Na nina haki yangu!"

"Unayo. Asilimia yako ya kawaida utapata, ya ishirini na tisa, kutoka kwangu. Umetembea, na kutembea ni kazi. Hiyo kumi na mbili siijui, sijawahi kuiona, ilikuwa kwenye nyumba nyingine."

"Mama, tukae tuelewane..."

"Mahmoud." Hakupaza sauti, hakuwa na nguvu ya kupaza. "Mimi na dada tunaongea. Nenda kakae barazani kwa Hajira. Tukimaliza tutakuita."

Kijana alifungua mdomo, akamtazama Rabia, Rabia akatazama chai yake. Mahmoud akavuka uchochoro. Kupitia dirishani walimwona Hajira akimsogezea kigoda, kisha, bila neno, akimwekea ungo wa mchele mapajani.

*

Siku iliyofuata walikwenda kwa wakili, chumba kimoja chenye feni na makabrasha mpaka dirishani. Wakili, mzee mwenye tai, alisukuma karatasi mezani na kalamu juu yake. Kidole chake kilionyesha mahali pa kuweka sahihi.

Bibiana hakuishika kalamu.

"Samahani, baba. Wewe ni wa nani?"

"Unasemaje, mama?"

"Umewekwa na nani? Na mimi, au na yeye?"

Wakili alirekebisha tai. "Nimewekwa na dada Rabia."

"Basi ngoja nisome."

Alivaa miwani. Zilikuwa kurasa nne, na alizisoma zote, mdomo ukitembea, feni ikizunguka, huku Rabia akipiga miayo kwa adabu. Palipoandikwa kwamba nyumba haina kasoro yoyote inayojulikana, alisimamisha kidole. Alitaka paandikwe kwamba maji huingia, na kwamba mnunuzi amejulishwa. Wakili alisema si lazima. Rabia alisema aandike tu. Ukurasa ukachapwa upya, na kwa kusubiri ule ukurasa mmoja, basi la saa saba la kwenda Sanje lilikuwa limekwisha kuondoka.

Alisaini. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, alimpigia Angelina.

"Umesainiwa. Mwambie nauleta kesho mwenyewe."

"Alikuja tena yule mwingine leo," Angelina alisema. "Kapanda mpaka juu ya paa."

"Mwache ashuke."

Alirudi Mlabani kwa miguu, akipumzika kila penye kizingiti cha duka. Nyumba ilikuwa vile alivyoiacha, kabati bado limesogezwa, mstari uko wazi. Hakulirudisha. Aliuchukua ufunguo wa nyumba, akafunga mlango, akavuka uchochoro bila kufukuzwa na mtu, akakaa kwenye kigoda.

Hajira alimtazama miguu. "Kuna wageni ndani?"

"Hakuna," Bibiana alisema. "Nipe na mimi mchele kidogo nichague."